Mafunzo ya Usimamizi wa Fedha kwa Mamlaka za Maji: Hesabu Inayoanzia kwenye Lita

Mafunzo ya wiki moja kuhusu usimamizi wa fedha katika mamlaka za maji za umma, yaliyofanyika hivi karibuni katika ukumbi mmoja jirani na Posta ya Zamani hapa Dar es Salaam, yanastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu wahasibu wengi wa sekta yetu wataombwa na waajiri wao kuchagua baina ya semina za aina hii, na vipeperushi vya semina zote husema maneno yale yale. Taasisi iliyoyaandaa sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ni malalamiko na nimekwisha kuyawasilisha kwao kwa barua. Hukumu yangu naitoa mapema: siku tatu za mwanzo ni mafunzo bora ya fedha kuliko yote niliyowahi kuhudhuria tangu nianze kazi ya uhasibu wa maji, na siku mbili za mwisho zinahitaji kuandikwa upya kabla hazijatozwa ada tena.

Ubora wa siku za mwanzo unatokana na uamuzi mmoja wa waandaaji. Semina za fedha katika sekta ya umma kwa kawaida huanza na viwango vya uhasibu, zikaendelea na muundo wa bajeti, kisha taratibu za manunuzi, na mshiriki akaondoka bila kujua kama amefundishwa kuendesha mamlaka ya maji, hospitali au chuo. Hapa asubuhi ya kwanza haikuguswa shilingi hata moja. Wakufunzi walikuwa wawili, mhandisi mstaafu na mama mmoja mwenye CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, nao walianza na mizania ya maji: kiasi kinachotoka mtamboni, kiasi kinachoandikiwa ankara, kiasi kinachotumiwa kihalali bila ankara, kinachovuja ardhini, kinachoibwa, na kile kinachopita kwenye dira zilizochakaa ambazo husoma pungufu. Mpangilio huo ndio unaotumiwa na wataalamu wa maji duniani, na mhandisi yeyote wa usambazaji anaufahamu. Wahasibu ndio tusioufahamu, ingawa sisi ndio tunaosaini taarifa za mapato.

Zoezi la mchana nitalieleza kwa namba zake, kwa sababu ndilo lililobeba mafunzo yote. Tulipewa mamlaka ya kubuni inayozalisha mita za ujazo 1,000,000 kwa mwezi na kutoa ankara za mita za ujazo 620,000, kwa bei ya shilingi 1,700 kwa kila uniti, yaani mita moja ya ujazo, huku ikikusanya asilimia 85 ya kile inachoankarisha. Umeme na dawa za kutibu maji vinaigharimu shilingi 400 kwa kila mita ya ujazo. Swali lilikuwa hili: mkurugenzi ana fedha za kazi moja tu, ama kuziba mivujo inayopoteza mita za ujazo 50,000 kwa mwezi, ama kubadilisha dira mbovu na kuwarasimisha waliojiunganishia maji kinyemela, ambao kwa pamoja wanachukua kiasi hicho hicho. Aanze na ipi?

Kwa hesabu ya haraka jibu linaonekana wazi. Maji yanayozuiwa kuvuja yanaokoa gharama ya kuyazalisha, yaani shilingi milioni 20 kwa mwezi, wakati maji yanayoanza kuandikiwa ankara yanaleta bei kamili, na ukiondoa asilimia 15 isiyokusanywa unabaki na shilingi milioni 72 na robo. Ukumbi mzima uliandika dira. Ndipo mhandisi alipoongeza sentensi moja ubaoni, kwamba mji huo uko kwenye mgawo. Mji ukiwa na mgawo, lita inayookolewa haipunguzi uzalishaji, bali inakwenda kwa mteja ambaye jana bomba lake lilikuwa kavu naye anailipia, hivyo thamani ya kuziba mvujo inapanda na kufikia ile ile milioni 72 na robo. Njia mbili zikalingana, na jibu la wazi likatoweka, bila bei kubadilika wala bomba hata moja kuongezwa.

Dada mmoja aliyetoka mamlaka ya mji mdogo akanyoosha mkono. "Samahani, Mhandisi. Huyu aliyekuwa akichukua maji bila kulipa, tukianza kumtoza atatumia kiasi kile kile kweli?" Mhandisi alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia, "Dada yangu, njoo ubaoni ufanye hesabu mwenyewe." Akaja, akachukulia kwamba matumizi yatashuka kwa asilimia 30, na mapato ya upande wa dira yakateremka hadi shilingi milioni 50 na nusu, pamoja na milioni 6 za gharama ya uzalishaji zinazookolewa ikiwa hakuna mgawo. Katika muda usiozidi saa moja tulikuwa tumepata majibu matatu tofauti kwa swali moja la uwekezaji, na kila jibu lilitegemea jambo ambalo haliandikwi popote kwenye vitabu vyetu vya hesabu.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam mjadala huu si wa kinadharia. Jiji linategemea kwa sehemu kubwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 na lita milioni 270 kwa siku, na yote miwili inachota katika mto mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2022 kina cha mto kiliposhuka, mgawo ulitangazwa, na kila mtu aliona kwa macho yake maboza na mikokoteni ya madumu ikichukua nafasi ya bomba. Thamani ya mvujo mmoja pale Kimara au Tabata wakati wa masika si sawa na thamani yake katika msimu wa namna ile, na mhasibu anayepanga bajeti ya matengenezo kwa kiwango kimoja mwaka mzima anaiweka fedha pasipostahili. Sijawahi kuona semina nyingine ikilisema hili mbele ya watu wa fedha, na kwa hilo peke yake waandaaji wanastahili pongezi.

Siku ya pili iliongozwa na yule mama wa CPA, nayo ilihusu namna ya kusoma afya ya mamlaka. Alichukua mamlaka ile ile ya kubuni, akaipa gharama za uendeshaji za shilingi milioni 800 kwa mwezi na uchakavu wa mali wa shilingi milioni 200, kisha akatutaka tukokotoe uwiano wa gharama kwa mapato kwa njia mbili. Ukigawanya gharama za uendeshaji bila uchakavu kwa jumla ya ankara zilizotolewa, ambazo ni shilingi milioni 1,054, unapata 0.76, na mamlaka inaonekana imara. Ukijumlisha uchakavu na kugawanya kwa fedha iliyoingia benki, ambayo haifiki milioni 896, unapata 1.12, na mamlaka hiyo hiyo inakula mtaji wake kila mwezi. Aliongeza jambo ambalo nimekuwa nikilirudia kwa wenzangu ofisini tangu siku ile: taarifa yoyote ya utendaji inayotaja uwiano bila kusema kama uchakavu umo, na bila kusema kama mapato ni ya ankara au ya makusanyo, irudishwe kwa aliyeiandika.

Kutoka hapo aliingia kwenye ruzuku za miradi, eneo ambalo mamlaka zetu huchanganyikiwa zaidi. Tanzania inaandaa hesabu za taasisi za umma kwa viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS, kwa msingi wa kutambua mapato na gharama zinapotokea na si fedha inapopokelewa. Chini ya IPSAS 23, na sasa IPSAS 47 iliyochukua nafasi yake kuanzia Januari 2026, ruzuku ya kujenga bomba kuu inaweza kuonekana kama mapato punde masharti yake yanapotimizwa. Matokeo yake ni kwamba mamlaka iliyopokea bomba la shilingi bilioni 10 huonyesha ziada kubwa mwaka huo, wakati akaunti yake ya matumizi haina fedha ya kununulia dawa za kutibu maji, na kwa miaka 40 inayofuata hubeba uchakavu wa shilingi milioni 250 kila mwaka bila ruzuku yoyote ya kuufidia. Diwani au mjumbe wa bodi anayesoma ukurasa wa kwanza tu wa hesabu hizo atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini mamlaka yenye ziada namna hiyo inaomba kupandisha bei. Mkufunzi alituelekeza kuandaa, pembeni ya taarifa rasmi, taarifa moja ya ndani isiyo na ruzuku za mtaji, na kuiweka mbele ya bodi kila robo mwaka. Ni maelekezo mepesi yasiyohitaji programu mpya wala kibali cha mtu.

Siku ya tatu ilikuwa ya makusanyo na usuluhishi wa hesabu. Sitakaa nayo sana, kwa kuwa wengi tunaifanya kazi hiyo kila siku: tangu malipo ya serikali yaanze kupita kwenye GePG, mfumo wa kielektroniki wa malipo ya serikali, kwa kontroli namba, fedha taslimu zimepungua sana madirishani, na mapengo ya zamani kati ya stakabadhi na benki yamepungua pamoja nazo. Kilichobaki kigumu ni kuoanisha mfumo wa ankara na daftari kuu, hasa pale ankara iliyokosewa inapofutwa upande mmoja na kubaki upande wa pili. Zoezi lililotolewa lilikuwa zuri, lenye makosa halisi ya kutafuta, na wakufunzi walipita meza kwa meza hadi kila kundi lilipofikia salio lililo sawa.

Sasa nije kwenye siku mbili za mwisho. Jambo la kwanza lililonisikitisha ni madeni. Kila mamlaka ya maji nchini inafahamu uzito wa ankara za taasisi za umma zisizolipwa kwa wakati, na jambo hili limekuwa likisemwa hadharani kwa miaka mingi, hata kufikia uamuzi wa kufunga dira za malipo ya kabla katika baadhi ya taasisi hizo. Mhasibu anarudi ofisini na maswali mazito: chini ya IPSAS 41, kiwango kinachohusu madeni na mali nyingine za fedha, hasara inayotarajiwa kwenye deni la taasisi ya serikali ikadiriwe vipi, iwapo mdaiwa hawezi kufilisika lakini pia halipi? Je, deni la miaka mitatu la shule ya umma liwekwe kundi moja na deni la miaka mitatu la nyumba ya kulala wageni iliyofungwa? Kuchelewa kulipwa pekee, hata kama deni litalipwa lote, kunapunguza thamani yake kiasi gani? Mshiriki mmoja, mzee wa makamo aliyekuwa amekaa mbele yangu, aliliuliza hilo la kwanza kwa adabu na kwa ufasaha. Mkufunzi aliyeletwa kwa siku hiyo, ambaye si mmoja wa wale wawili, alimjibu kwamba hilo ni suala la kisera, akageuza ukurasa. Si suala la kisera. Ni namba inayopaswa kuandikwa kwenye hesabu za mwisho wa mwaka, na mkaguzi atauliza imetoka wapi.

Jambo la pili ni vitabu vya mafunzo. Sura ya upangaji bei ilikuwa imenukuliwa kutoka nchi nyingine bila kubadilishwa, mifano yake ikiwa kwa dola na kwa maelfu ya galoni. Washiriki walitumia sehemu kubwa ya asubuhi kubadili vipimo, na walipomaliza walikuwa bado hawajajifunza namna maombi ya bei yanavyoandaliwa hapa. Utaratibu wetu una sura yake. Mamlaka huwasilisha maombi kwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, pamoja na mpango wa biashara, wadau husikilizwa, baraza la ushauri la watumiaji hutoa maoni kwa niaba ya wananchi, na mdhibiti hutoa uamuzi wenye masharti ambayo mamlaka itapimwa nayo baadaye. Mhasibu anatakiwa kujua ni gharama gani mdhibiti hukubali ziingie kwenye bei na ni zipi hukataa, hasa upotevu wa maji unapozidi kiwango kinachokubalika, kwa sababu si haki mwananchi anayelipa ankara yake alipishwe pia uzembe wa bomba lililovuja mwaka mzima. Maamuzi ya bei ni nyaraka za wazi. Kuchukua uamuzi mmoja halisi na kuusoma kifungu kwa kifungu kungetosha kuziba pengo lote hilo.

Nilisikitika pia kwa namna historia ya jiji hili ilivyotumiwa. Mkataba wa City Water, kampuni binafsi iliyopewa kuendesha huduma ya maji ya Dar es Salaam, ulioanza Agosti 2003 na kuvunjwa na serikali mwezi Mei 2005, ulisimuliwa kwa dakika chache kama kisa cha siasa ya ubinafsishaji, pamoja na uamuzi wa mahakama ya usuluhishi wa mwaka 2008 ulioona kwamba Tanzania ilikiuka baadhi ya wajibu wake wa kisheria lakini haikuamriwa kulipa fidia. Kwa mwanafunzi wa fedha, kiini cha kisa kile ni kwamba mzabuni alijipangia mapato ambayo makusanyo halisi hayakuyafikia, na pengo hilo likala fedha za uendeshaji tangu miezi ya mwanzo. Hilo lingeweza kuunganishwa moja kwa moja na zoezi la siku ya kwanza: mkataba wowote wa maji, uwe wa mwekezaji au wa shirika la umma kama DAWASCO iliyofuata kuendesha maji ya jiji na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, iliyoichukua mwaka 2018, huanguka au kusimama kwenye ukweli wa makadirio ya ankara na makusanyo.

Mada ya mikopo ilipewa muda mfupi mno kabla ya kufunga, ingawa sasa ina mfano wa nyumbani unaostahili siku nzima. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi yenye manufaa kwa mazingira, iliyolenga shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 inayolipwa kila nusu mwaka, na wawekezaji wakajitokeza kwa zaidi ya kiwango kilichoombwa, kabla haijaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mkufunzi aliisifu, na ni haki kusifiwa. Hata hivyo, hakutukokotolea kwamba riba ya kiasi hicho ni takriban shilingi bilioni 7.17 kwa mwaka, yaani karibu bilioni 3.59 kila nusu mwaka, ambazo lazima zitoke kwenye ankara za wateja na kuwa tayari kwa tarehe isiyosogezwa. Mkurugenzi wa fedha anayetaka kufuata njia hiyo anahitaji kujua amepata wapi uhakika wa makusanyo ya miezi sita mfululizo, akaunti ya akiba ya riba inaendeshwaje, na ukame ukipunguza mauzo mwekezaji anaambiwa nini na lini. Hayo yote yanafundishika, na wapo watu jijini wanaoyajua.

Kuhusu mazingira: ukumbi ulikuwa na nafasi, chakula cha mchana kizuri, na vipindi vilianza kwa wakati kila siku, jambo linalosaidia wanaotegemea mwendokasi kutoka Mbezi na Kimara. Lugha ya vitabu ni Kiingereza, lakini wakufunzi wawili wakuu walifundisha kwa Kiswahili safi, na mijadala ilinoga kwa sababu hiyo. Ningependa vitabu vyenyewe viandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa mafundi na wasoma mita wanaopaswa kuielewa mizania ya maji hawatavisoma vilivyo sasa.

Ada ni kubwa kwa mamlaka ndogo. Kwa mamlaka inayoweza kutuma watu wawili, nashauri imtume mhasibu pamoja na mhandisi wa usambazaji wa ofisi moja, wakae meza moja na wafanye mazoezi kwa takwimu zao wenyewe, kwani wakufunzi waliruhusu hilo na waliofanya hivyo waliondoka na mizania ya maji ya mji wao ikiwa imeandikwa. Anayetafuta ujuzi wa kuandaa maombi ya bei au kukopa sokoni asubiri toleo lijalo. Kwa waandaaji, ombi langu lililomo katika barua niliyowapelekea ni kwamba siku ya nne irudishwe kwa wale wakufunzi wawili wa mwanzo, sura ya galoni iondolewe, na siku ya tano igawanywe kati ya madeni ya taasisi za umma na hesabu kamili ya hatifungani ya Tanga, kuanzia ankara ya mteja hadi malipo ya riba.